Maiki yangu inamsikia shangazi kuliko inavyonisikia mimi

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 23, naishi Makorora, hapa Tanga, kwa shangazi yangu, dada yake marehemu baba. Amenilea tangu niko darasa la nne, na kwake ndiko kwetu. Mchana nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya shule na fotokopi huko Ngamiani. Usiku, baada ya isha na chakula, nacheza gemu la mpira kwenye laptopu na kurusha laivu YouTube huku natangaza mechi mwenyewe kwa Kiswahili chetu cha huku. Watazamaji wanasema wanakuja kwa ajili ya utangazaji kuliko kwa ajili ya mabao. Nikifunga naita "Wagosi!" kama vile niko uwanjani Mkwakwani na Coastal Union wamefunga, na hapo ndipo meseji zinapomiminika.

Tatizo ni sauti. Mwanzoni nilitumia maiki ya ndani ya laptopu, watu wakalalamika kwamba wanasikia feni kuliko mimi. Rafiki yangu akaniazima maiki ya USB ya kondensa, aina inayosikia hata sauti ndogo, ile isiyo na jina la maana. Sauti yangu ikawa nene na nzuri, nikafurahi sana. Lakini ikawa inasikia kila kitu: feni, kuku wa jirani, bodaboda za barabarani, na sauti ya shangazi sebuleni. Nyumba yetu haijawekwa dari. Kuta zinaishia kwenye mbao za paa, juu ni bati tupu, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mwisho wote tunamwombea afya.

Usiku mmoja shangazi alikuwa na mgeni wake, wanazungumza mambo ya posa ya binti wa jirani. Mimi niko katikati ya mechi, nimevaa hedifoni, sijui lolote. Kijana mmoja wa mtaa alikuwa anatazama. Asubuhi maneno yalikuwa yameshafika kwa wenyewe, na shangazi akaulizwa mbele ya watu kwa nini anatangaza posa ya mtu kabla ya barua kujibiwa.

Shangazi hakunigombeza kwa ukali. Aliniambia, "Mimi sikukukataza kucheza. Lakini sauti yangu si ya kurushwa, na wageni wangu hawaji hapa kusikilizwa na mji mzima." Tangu siku hiyo, nikiwasha laptopu, yeye anachukua mkeka anatoka kukaa barazani, hata kama mbu ni wengi. Nikimwambia abaki ndani anasema, "Wewe fanya kazi yako, mama." Inaniuma kuliko angenipiga.

Kaka yangu mkubwa yuko Dar. Aliposikia habari ya maiki akasema atanunua yeye Kariakoo, HyperX QuadCast, kwa sababu ndiyo anayoiona kwa wachezaji wakubwa wa nje, na ina namna nne za kusikia. Mimi nina akiba ya laki mbili na nilikuwa nimeamua kununua ya dainamiki, Samson Q2U, kwa kuwa nimesoma kwamba dainamiki haichukui kelele. Mwenzangu mmoja ninayecheza naye anasema Fifine AM8 ni dainamiki pia na ina mataa. Mwingine anasema nisipoteze hela, nisubiri hadi nifikishe Shure MV7. Kaka akisikia nataka nyingine anasema namdharau, kwamba yeye ananipa kikubwa mimi nataka kidogo.

Halafu kuna kijana tunayecheza naye timu moja mtandaoni. Amepanga chumba Chumbageni, kina dari na kiyoyozi, na ananiambia niwe nakwenda kurushia huko. Ni mtu wa heshima, sijaona baya kwake. Lakini ni usiku, na mimi ni binti wa watu, na shangazi sijathubutu kumgusia.

Naomba unisaidie. Nichukue maiki ipi? Nimkatalie kaka? Niende Chumbageni? Au niache tu, shangazi arudi ndani ya nyumba yake?

Mchezaji wa Usiku, Makorora

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma kwa utulivu, na nimeona ndani yake maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Moja ni la kifaa: namna ya kuifanya sauti yako isikike safi kwenye chumba chenye feni na bati. Jingine ni la shangazi yako aliyehamia barazani. Wewe unatumaini jibu la kwanza litalimaliza la pili. Huenda likasaidia sana, lakini naomba tuyatazame kila moja peke yake kwanza, maana maiki inaweza kuwa bora kabisa na mkeka ukaendelea kutoka nje.

Nianze na hilo ulilolisoma, kwamba dainamiki haichukui kelele. Lina ukweli ndani yake, ila lilivyo linaweza kukupotezea laki mbili zako. Maiki ya dainamiki si nyepesi wa kusikia kama kondensa, kwa hiyo inakulazimisha uisogelee, mdomo uwe karibu kiasi cha upana wa kiganja au pungufu. Kinachokuokoa na kelele, kwa sehemu kubwa, ni huko kusogea. Kila unapopunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako inapanda kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 6, wakati feni iliyo mbali inabaki palepale. Ukitoka sentimita 40 hadi 20, kisha hadi 10, umepata desibeli 12, na unaweza kuteremsha geini, yaani kiwango cha maiki kukuza sauti, kwa kiasi hichohicho, feni ikateremka nayo. Sasa chukua Q2U, iweke sentimita 40 kutoka usoni kama watu wengi wanavyoweka maiki mezani, halafu pandisha geini ili usikike. Feni utaipata yote, na shangazi utampata.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, ningependa kujua: hiyo ya kuazima uliiweka wapi? Wengi huiweka nyuma ya laptopu, ili isizibe kioo, na mdomo uko mbali. Nyingi za kondensa za umbo hilo la kusimama, Blue Yeti ikiwemo, husikia kwa ubavu, upande wenye nembo, wala si kwa juu. Mtu anailaza ielekee mdomoni kama maiki ya mwimbaji, kumbe sikio lake linatazama darini au ukutani. Q2U na AM8 zenyewe husikia kwa kichwa. Jambo dogo, lakini nimeona watu wanabadilisha vifaa kwa sababu hiyo tu.

Na feni iko wapi? Hili nalikazia kwa sababu Tanga yetu, mwezi wa pili, chini ya bati lisilo na dari, kumwambia mtu azime feni ni kumwonea. Maiki unazozitaja zote zinaweza kusikia kwa umbo la moyo, yaani zinasikia zaidi mbele, zinapungua ubavuni, na mgongoni ndiko zinakosikia kidogo kuliko kote. Ikiwa feni yako ya kusimama iko mgongoni mwako, inakupuliza shingoni huku unacheza, basi maiki inapokutazama wewe inaitazama na feni juu ya bega lako. Ihamishie upande wa mgongo wa maiki, chini, ipulize miguuni na magotini, upepo usiigonge maiki yenyewe, maana upepo ukigonga maiki hutoa mngurumo ambao hakuna programu inayousafisha vizuri. Sponji ya kuivisha maiki inasaidia, kwa upepo na kwa herufi "p" zako unapoita "penati!"

Hapo tumeshughulikia feni. Shangazi ni jambo gumu zaidi, na nitakwambia kwa nini.

Bila shaka umeshakutana na OBS Studio, ile programu ya bure ya kurushia. Ina kichujio cha kupunguza kelele, na ukichagua ile njia yake iitwayo RNNoise, feni inaweza kuyeyuka hata usiamini. Lakini kichujio hicho kimefundishwa kutofautisha sauti ya binadamu na kelele, kisha kuihifadhi sauti ya binadamu. Shangazi ni binadamu. Kitaondoa feni na kumwacha yeye akisikika vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kuna na kile kingine cha geti, kinachofunga maiki ukinyamaza. Ni kizuri, lakini ukifungua mdomo kutangaza, geti linafunguka, na maneno ya sebuleni yanapita mlango huohuo. Na nyumba isiyo na dari, sauti haipiti ukutani, inapita juu ya ukuta, inagonga bati na kuwashukia pande zote. Hata huo mgongo wa maiki hauna nguvu kamili hapo, kwa sababu sauti haiji kutoka upande mmoja.

Nasema haya nisije nikakuacha ukaamini kwamba kuna boksi Kariakoo lenye uwezo wa kumhakikishia shangazi kuwa hatasikika. Lipo la kupunguza. La kuondoa kabisa, katika nyumba uliyonieleza, sioni.

Basi tuje kwenye maiki zenyewe, maana najua unasubiri.

Hiyo QuadCast ya kaka si chaguo baya. Ile ya kwanza ilitoka 2019, imening'inizwa kwenye fremu yenye mpira inayoizuia isipokee mitikisiko ya meza, na hilo ni faida kwako kama unabonyeza kibodi kwa nguvu. Ina kitu kimoja ambacho kwa nyumba yenu nakiona ni cha thamani: juu yake unagusa kwa kidole, maiki inanyamaza na taa yake inazimika. Mgeni akipiga hodi, unagusa. Na mtu aliye mlangoni anaona kwa macho yake kwamba taa imezimika. Fikiria shangazi akilijua hilo, kwamba taa ikiwaka nyumba iko hewani, ikizimika yuko huru.

Upande wake mwingine ni kwamba ni kondensa, nyepesi sana wa kusikia, na zile namna nne za kusikia alizozipenda kaka, tatu kati yake hazina kazi chumbani mwako. Kusikia pande zote, kusikia mbele na nyuma, kusikia kwa stirio: zote hizo zinaiongezea nyumba nafasi ya kuingia. Unahitaji moja tu, ile ya umbo la moyo. Na kitasa cha kuzibadilisha kiko mgongoni mwake. Mtoto akikizungusha wakati wa kufuta vumbi, usiku utarusha nyumba nzima bila kujua. Yeti, iliyoanza kuuzwa 2009, nayo ina hizohizo nne na tahadhari ni ileile.

Q2U ni dainamiki, ina njia moja tu ya kusikia, kwa hiyo hakuna cha kukosea. Ina tundu la hedifoni la kujisikiliza bila kuchelewa, jambo ambalo ningeliweka juu kuliko mataa yote, kwa sababu usiku ule ulikuwa umevaa hedifoni lakini ulikuwa unasikia gemu, hukuwa unasikia kile maiki inachokisikia. Ukichomeka hedifoni kwenye maiki yenyewe, shangazi akiingia hewani utamsikia masikioni mwako papo hapo. QuadCast nayo inalo tundu hilo, na MV7 pia, kwa hiyo maiki yoyote utakayoishia nayo, litumie. Udhaifu wa Q2U ni kwamba inataka uisogelee muda wote wa mechi. Wewe ni mtangazaji wa kuruka: bao likiingia unarudi nyuma kwenye kiti, na sauti itapungua ghafla. Utahitaji mkono wa kuishikilia maiki mbele ya mdomo, na huo nao ni hela. Wengine huchukua stendi ya kawaida na kuiinua juu ya madaftari, inatosha kwa kuanzia. Kuizima ni kwa swichi ya kusukuma mwilini mwake, si laini kama kugusa. Jaribu kuizima huku unasikiliza uone inatoa kishindo kiasi gani.

AM8 nayo ni dainamiki na inasikia kwa umbo la moyo. Mataa yake kama yanakupa furaha, hiyo furaha haina ubaya. Mtu anayekaa peke yake chumbani usiku akitangaza anahitaji vitu vya kumchangamsha. Shure MV7, ya mwaka 2020, ni nzuri kweli, na bei yake ni mara kadhaa ya Q2U. Swali langu kwako juu yake si la ubora. Ni miezi mingapi ya akiba, na katika miezi hiyo shangazi anakaa wapi? Tena MV7, Q2U na AM8 zote zina na tundu la pili la XLR, la kuchomeka kwenye mitambo ya studio. Siku ukipata chumba chako na mashine zake, bado zitafaa.

Namba za kwenye boksi zisikusumbue sana. QuadCast hiyo ya kwanza, Yeti na Q2U zote zinarekodi kwa biti 16 na kilohezi 48, vipimo vya undani wa sauti inayorekodiwa. MV7 inafika biti 24. Biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli kama 96 kati ya kimya na kelele kubwa kabisa, na chumba chenye feni hakitaimaliza nafasi hiyo hata kidogo. Isitoshe, YouTube yenyewe inapendekeza sauti ya stirio ya laivu itumwe kwa kilobiti 128 kwa sekunde, imeshabanwa. Mtazamaji wako wa simu, mwenye bando la kupimia, hatajua tofauti ya biti. Atajua kama anakusikia wewe au anasikia feni.

Sasa kaka. Umeandika kwamba akisikia unataka nyingine anasema unamdharau. Najiuliza kama umewahi kumweleza kilichotokea usiku ule, au umemwambia tu "sauti haiko vizuri". Maana mtu aliyeambiwa sauti haiko vizuri atanunua kilicho kikubwa, na ametenda kwa upendo. Mtu aliyeambiwa kwamba shangazi yake, aliyemlea mdogo wake, anakaa barazani na mbu kwa sababu maiki ilisikia mno, huenda akauliza swali jingine kabisa dukani. Sisemi umkatalie. Unaweza kumpa sababu inayomhusu na yeye, kisha ukamwachia achague pamoja nawe. Kuna hatari, naijua: anaweza kukasirika na kusema utajiju. Kuna hatari pia ya kunyamaza na kupokea, ukawa na kifaa cha bei usichoweza kukilalamikia. Wewe ndiye unayemjua, mimi namsoma kwenye mistari minne tu.

Kuna njia ya katikati ambayo huenda hukuifikiria. Fedha ya kaka si lazima yote iende kwenye maiki. Bodi za dari za chumba kimoja, au hata mapazia mazito na godoro la zamani kusimamishwa upande wa sebuleni, vinapunguza mwangwi wa bati na vinabaki kwenye nyumba ya shangazi. Godoro halizuii kabisa mazungumzo ya chumba cha pili, lisikudanganye mtu. Dari ndiyo inayoziba ule uwazi wa juu ya ukuta, na hata hiyo inapunguza tu. Lakini kaka akisema "nimemwekea shangazi dari chumba kimoja", hilo ni neno tofauti na "nimemnunulia mdogo wangu maiki". Joto litaongezeka au litapungua kulingana na madirisha, mwulizeni fundi aje aone kabla ya kununua bodi.

Chumbageni nalitazama kwa uzito kama unavyolitazama wewe. Umesema ni mtu wa heshima, nami sina sababu ya kumshuku. Chumba chenye dari kitakupa sauti safi, ingawa kiyoyozi nacho huvuma. Lakini fikiria ni saa ngapi utarudi Makorora, kwa bodaboda ya nani, na laptopu begani. Fikiria na jinsi mtaa uliosambaza habari ya posa kabla ya asubuhi utakavyoisambaza na hii. Unaweza kusema maneno ya watu hayakuhusu, na wapo mabinti wanaoishi hivyo na kufika mbali. Kwako wewe, mtu atakayeyapokea maneno hayo barazani ni shangazi. Kama wazo hilo bado linakuvuta, nadhani halina budi kupita kwake kwanza, si kumfikia baadaye kwa mdomo wa jirani. Inawezekana pia wenzako wa timu wakakutana mahali pa wazi mchana wa Jumapili, mkarekodi pamoja bila usiku kuhusika.

Maana si lazima kila kitu kiwe laivu. Unaweza kucheza mechi usiku kimya, ukairekodi bila maiki, kisha ukatangaza juu yake siku nyingine wakati nyumba iko tupu, shangazi akiwa sokoni au kwenye shughuli. Ukimsikia mtu, unakata. Utakosa ile raha ya meseji kumiminika ukiita "Wagosi!", na najua kwako hiyo ndiyo roho ya kitu chenyewe. Pengine laivu ibaki kwa usiku mmoja au miwili ya wiki, siku ambazo shangazi mwenyewe anakwenda kwa watu, na zilizobaki ziwe za kurekodi. Hesabu ya YouTube ya kupata sehemu ya fedha za matangazo ni wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kwa video za kawaida za wazi, na video iliyohaririwa vizuri hutazamwa hata baada ya wewe kulala.

Mwisho wa yote narudi kwa shangazi, kwa sababu nimeyasoma maneno yake mara kadhaa. Amesema hakukukataza kucheza. Amesema sauti yake si ya kurushwa, na wageni wake hawaji kusikilizwa. Wewe umeyasikia kama hukumu juu ya gemu, hadi unauliza kama uache. Mimi nayaona kama mtu anayetaja haki yake ndani ya nyumba yake, kisha kwa mapenzi akakupisha. Anapotoka na mkeka anakulinda wewe uendelee. Lakini pia amebeba aibu ya kuulizwa mbele ya watu, na hakuna mahali kwenye barua yako uliponiambia kwamba mmelizungumza hilo la aibu. Mmezungumza habari ya yeye kukaa ndani au nje.

Ile laivu ya usiku ule bado ipo kwenye chaneli yako? Kama ipo, YouTube inakuruhusu kukata kipande au kuifuta yote. Kuifuta hakutarudisha maneno, ila ni jambo unaloweza kumwonyesha kwenye simu, akaona kwa macho yake limeondoka. Na mama wa yule binti, je, kuna aliyekwenda kumwona? Shangazi huenda anatamani mwende pamoja na hajui akuambieje.

Ukipata nafasi, mkalishe chumbani mwako mchana, umvalishe hedifoni, mwache asikie nyumba yake kama maiki inavyoisikia. Zungumza wewe, kisha nenda sebuleni useme neno, arudi akuambie amelisikia au la. Sogeza feni, sogeza maiki, rudia. Hiyo ya kuazima inatosha kwa jaribio hilo, wala hujatumia hata shilingi. Atakuwa mtu wa kwanza kukwambia kwa ukweli ni usiku gani anaweza kubaki ndani na usiku gani hapana, na mnaweza kukubaliana saa ambazo wageni wake ni wa kwanza.

Na maiki yoyote itakayotoka Dar, ikifika stendi ya Kange kwenye basi, usiisaini kisha ukaiweka kabatini. Ichomeke siku hiyohiyo, rekodi dakika moja ukiwa karibu na dakika moja ukiwa mbali, jaribu tundu la hedifoni na kitufe cha kunyamazisha, angalia na waya kama unaingia kwenye laptopu yako bila kuhitaji kiunganishi kingine. Kaka abaki na risiti na boksi lisichanwe, ili kama haifai, arudi dukani kabla siku za kubadilishiwa hazijapita.